N Fupi, M Ndefu

Jumamosi tarehe 12 Aprili 1958, Ardith Nohr alitia saini mstari wa kumi na tisa katika daftari la mahudhurio la mkutano ulioanzisha Umoja wa Wanafunzi wa Biashara wa Nebraska. Daftari hilo bado lipo. Wino ni wa buluu na herufi zimenyooka kama zilizopigwa rula. Juu yake, mstari wa kumi na nane, kuna saini kubwa mara mbili, yenye mkia uliozunguka ukashuka hadi ukaligusa jina la chini. Hiyo ni ya Delphine Mohr.

Ukimuuliza Ardith habari za siku ile, hotuba hazikumbuki na chakula hakikumbuki. Anaukumbuka mkia.

"Karatasi nzima ilikuwa wazi," husema, "na bado aliingia kwangu."

Wote wawili walikuwa na miaka kumi na saba, na wote walitoka sekondari ya Alder Bluff, mji wa watu elfu moja mia moja na arobaini, mahindi upande huu na reli upande ule. Darasani walikalishwa kwa alfabeti. M hutangulia N, na kati ya Mohr na Nohr hapakuwa na jina jingine, kwa hiyo kwa miaka minne Ardith alisoma hesabu, historia na taipu akikitazama kisogo cha Delphine. Mpaka leo anaweza kukitaja kwa siku: utepe mwekundu Jumatatu, wa kijani Alhamisi, Ijumaa nywele zimeachwa tu. Delphine hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipouma. Akiazima raba alirudisha. Alicheka upesi na kusahau upesi, na walimu walimwita hata kabla hajanyoosha mkono.

Kitu kimoja tu Ardith alimshinda, na darasa zima lilijua: hati mkato, ule mwandiko wa mikunjo na vistari ambao makarani waliutumia kuyanasa maneno ya mtu kwa kasi ya ulimi wake. Humo kistari kifupi kilicholala ni N. Kistari hicho hicho kikirefushwa ni M. Mwalimu wao, Bi. Hulda Ziegenbein, mwanamke mrefu aliyevaa saa yake upande wa ndani wa mkono, alilirudia hilo kila wiki kama sala.

"Urefu ndio herufi, wasichana. Kalamu ikiteleza, ataolewa mtu mwingine."

Bi. Ziegenbein ndiye hasa aliyeuanzisha Umoja. Kabla ya hapo kila shule ilikuwa na klabu yake ya biashara, ikiuza bisi kwenye mechi na kwenda kuangalia kasha la benki ya mjini, basi. Yeye alilizunguka jimbo kwa gari lake majira mawili ya baridi, akawasema walimu wakuu mpaka wakachoka kukataa, na shule ishirini na sita zikakubali kukutana katika mji wa Hastings. Pale wakaafikiana kwamba rais wa jimbo achaguliwe kwa kura, ila katibu apatikane kwa mtihani.

"Kura humpa mtu kiti," alisema Bi. Ziegenbein. "Haimpi mwandiko."

Mtihani ulifanyika mchana ule ule. Msomaji alisoma dakika tano, maneno mia moja na ishirini kwa dakika, na wasichana thelathini na mmoja wakaandika. Mshindi angekuwa katibu wa kwanza wa jimbo, angevaa beji ya dhahabu, na mwezi wa sita angepanda treni kwenda Chicago kwenye mkutano wa nchi nzima. Karatasi zilipelekwa Lincoln kwa mzee Kvasnicka, karani wa mahakama, azisahihishe.

Ardith alitoka chumbani akijua amekosea mara mbili. Delphine alitoka akicheka.

"Mimi mwenzenu nimepotea njiani," aliwaambia wenzake mlangoni. "Nimemwacha msomaji aende zake peke yake."

Ardith aliyasikia maneno hayo kama majivuno ya mtu anayejua kwamba hata akipotea atafika.

Simu ya Lincoln ililia Alhamisi tarehe 24, ofisini kwa mwalimu mkuu. Bi. Ziegenbein aliyaandika maneno ya mzee Kvasnicka kwa hati mkato kwenye daftari lake. Kabla hajakaa vizuri simu ikalia tena: mama yake, kule Scottsbluff mwisho wa jimbo, ameanguka na kuvunjika nyonga. Alikuwa na dakika arobaini kabla ya basi. Alimwita Ardith, mwanafunzi pekee aliyemwamini kuachiwa mashine, akamwekea daftari mkononi.

"Chapa barua kwa shule zote. Rudufu nakala ishirini na sita, zitie posta leo leo. Jina la mshindi limo humo."

"Ni nani, mwalimu?"

"Soma mwenyewe," alisema Bi. Ziegenbein, akatabasamu, akachukua koti.

Tabasamu lile nalo Ardith alilisoma. Aliona ni la kumhurumia. Akalifungua daftari akilijua jina kabla jicho halijalifikia, na jicho lilipofika, jina lilikuwa hilo hilo. Alichapa *Mohr*. Alichapa bila kufuta mahali, akarudufu, akatia posta. Chini kushoto, kama walivyofundishwa, aliweka alama ya ofisi: herufi kubwa za mwenye barua, nukta mbili, halafu herufi ndogo za aliyechapa. *HZ:an.*

Delphine alikwenda Chicago. Ndani ya treni alikaa karibu na meneja wa benki wa Omaha na mkewe, akawachekesha mpaka Iowa ikaisha, na miaka miwili baadaye alikuwa na meza katika benki hiyo. Alipostaafu alikuwa makamu wa rais. Aliolewa, akafiwa, ila katika Umoja alibaki Mohr, na tangu 1971 mwanafunzi katibu aliye bora kuliko wote katika jimbo hupewa ngao iitwayo Tuzo ya Mohr.

Ardith aliolewa mwaka 1962 na Leonard Sedlacek wa ghala la nafaka, akafundisha taipu na hati mkato Alder Bluff miaka thelathini na minne. Muda wote huo alikuwa mlezi wa tawi la Umoja shuleni. Mwaka 1987 shule iliifuta hati mkato ikaleta kompyuta. Yeye hakuiacha. Kila Jumapili huandika mahubiri ya padri neno kwa neno, na padri humsifu kwa uchaji wake, asijue kwamba mama huyu analinda kasi ya mkono wake.

Alikuwa mlezi mzuri, na uzuri huo ndio uliomtesa. Wanafunzi wake walishinda Tuzo ya Mohr mara sita. Mara sita alikaa meza ya mbele akapiga makofi huku Delphine, katika suti iliyoshonwa na fundi, akimkabidhi ngao mtoto aliyefundishwa na Ardith. Mara sita Delphine alimkumbatia mtoto, halafu akamtafuta Ardith kwa macho na kumpungia mkono. Ardith alihesabu hiyo kuwa kejeli. Kila Krismasi Delphine huwatumia wazee wa Umoja barua ya mwaka, iliyopigwa chapa vizuri, yenye mhuri wa dhahabu. Ardith huisoma na kalamu nyekundu. Barua ya mwaka 1994 ina makosa kumi na moja ya koma peke yake. Zote anazo, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na nakala moja ya barua ya 1958.

Januari 2008, Umoja ulipokuwa ukijiandaa kutimiza miaka hamsini, mkurugenzi wake, Kendra Stoltenberg, dada wa miaka thelathini na mmoja, aliendesha gari kutoka Lincoln kwenye theluji na kubisha hodi kwa Ardith akiwa amebeba sanduku. Ndani mlikuwa na madaftari manne ya Bi. Ziegenbein, aliyefariki 1979. Umoja ulitaka kitabu cha historia, na mwanzo wote wa historia ulikuwa humo.

"Mwalimu Sedlacek, nimeyafungua nikadhani kuku amepita na wino miguuni," alisema Kendra. "Hakuna anayeyasoma. Hata chuo kikuu nimeuliza."

"Huu hapa ni muhtasari wa kikao. Hii hapa ni orodha ya sandwichi," alisema Ardith bila kuvaa miwani.

"Unaona! Delphine alisema hivyo hivyo."

Ardith alilifunga daftari. "Delphine alisema nini?"

"Nilianza kwake, si unajua, yeye ndiye katibu wa kwanza. Akaniambia yeye ameshasahau kila kitu. 'Mpelekee Ardith,' akasema, 'yule hakuna kistari kinachompita.'"

"Kwa hiyo nimeletewa kilichomshinda yeye."

"Hapana, mwalimu, mimi sikumaanisha..."

"Liache sanduku hapo juu ya meza. Kahawa unakunywa na maziwa au bila?"

Alifanya kazi asubuhi, baada ya kuosha vyombo, kurasa kumi kwa siku, macho kwenye daftari na vidole kwenye kompyuta aliyonunuliwa na wanawe. Kwa wiki mbili alikuwa na raha ambayo hakuizoea. Bi. Ziegenbein alikuwa amerudi jikoni kwake na sauti yake kavu, akiandika kwamba mwalimu mkuu wa shule fulani ni "mtu wa kupigwa teke polepole", na kwamba wajumbe wa Umoja wasivae kofia. Ardith alicheka peke yake. Alikuwa amefika mahali ambapo mtaalamu hasomi tena: jicho linaona, kidole kinapiga, akili iko mbali inafikiria chakula cha mchana.

Hivyo ndivyo alivyofika tarehe 24 Aprili. Kidole kilipiga sentensi ya mzee Kvasnicka, na alipoinua macho kwenye kioo cha kompyuta alikuta kimeandika: *Mshindi ni Bi. Nohr wa Alder Bluff, makosa mawili.*

Alifuta. Alisoma tena. Kidole kikaandika vilevile.

Alikwenda kwenye droo akaleta rula ya milimita. Kistari cha jina kilikuwa na milimita mbili. Cha neno *Nebraska*, mistari miwili juu yake, milimita mbili. Cha mwezi *Mei*, chini ya ukurasa huo huo, milimita tano. Kalamu ya Bi. Ziegenbein haikuteleza popote. Mwanafunzi wa wiki ya tatu angelisoma jina lile bila kuuliza. Msichana bora wa hati mkato katika Nebraska hakulisoma, kwa sababu hakuliangalia. Kwa miaka minne kila kizuri kilipotajwa kiliitwa Mohr, naye akaliandika neno alilozoea kulisikia.

Alilitoa kopo la biskuti, akaifunua barua ya 1958, akaziangalia zile herufi mbili ndogo chini kushoto. Hapo likamjia neno alilokuwa hakulielewa miaka arobaini na sita. Siku ya harusi ya Ardith, Bi. Ziegenbein alimvuta pembeni, macho yakimlengalenga, akamwambia: "Ulivyomwachia Delphine, Ardith, sijaona moyo kama huo." Ardith alidhani anasemea sweta ya kijani aliyompa Delphine darasa la kumi na mbili. Alijibu kwamba ilikuwa inambana hata hivyo. Kumbe mwalimu aliamini kwamba jina lilibadilishwa kwa makusudi.

Leonard aliingia kutoka ghalani na matope viatuni, akakuta jiko halijawashwa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nilishinda."

"Ulishinda nini?"

"Mtihani. Chicago. Mimi ndiye niliyeshinda, Leonard. Imeandikwa hapa. Barua ndiyo iliyokosea."

Leonard alivua kofia. Aliijua habari hiyo kama anavyoijua njia ya kanisani. "Sasa aliyeikosea barua ni nani?"

Ardith aliweka kidole chini ya zile herufi. Leonard aliinama, akasogeza miwani mbele na nyuma.

"*An*," alisoma. "*An* si wewe?"

"Ni mimi."

Leonard alivuta kiti akakaa. "Ardie, huyo Delphine nimemlisha meza hii miaka arobaini na sita na hajawahi kuja. Kila Krismasi yupo. Kila Aprili yupo. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila sikujua kama kina taipureta."

"Usiendelee."

"Siendelei. Tule nini?"

Siku tatu hakuchapa kitu. Jambo alilolitaka tangu utotoni lilikuwa mezani, la kweli, lenye tarehe. Lakini kulichukua kulikuwa na masharti. Angekuwa katibu wa kwanza wa jimbo kama tu angekubali pia kuwa mwalimu wa hati mkato, aliyewafundisha watoto elfu moja na zaidi kwamba urefu ndio herufi, ambaye hakuisoma herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe. Akinyamaza, hakuna mtu duniani angejua. Hakuna mwingine anayesoma. Lakini akinyamaza, Delphine angebaki na ngao, safari hii kwa hiari ya Ardith, na hilo lilimshinda kabisa.

Alijaribu njia ya katikati. Aliandika: *Kutokana na kosa la uchapaji, jina la mshindi lilitangazwa visivyo.* Aliitazama sentensi hiyo. Ni sentensi ambayo kwa miaka thelathini na minne aliikata kwa wino mwekundu popote alipoikuta. Pembeni alikuwa akiandika: *Kosa halina miguu. Nani alikosea?*

Akachapa ukurasa upya, sawasawa na daftari, akaweka chini kushoto *HZ:an*, akamwambia Leonard awashe gari.

Delphine anaishi Omaha, ghorofa ya nne, mwendo wa saa mbili na nusu. Alifungua mlango amevaa soksi bila viatu, amekuwa mfupi kuliko Ardith alivyomkumbuka.

"We Ardith! Miaka yote hujawahi kukanyaga hapa. Nani amekufa?"

"Mbona kila mtu ananiuliza hivyo? Sikai."

"Utakaa. Nimeoka vitobosha, vile viandazi vyenye aprikoti kavu ndani."

"Umeoka au umenunua?"

"Nimenunua nikapanga kwenye sahani yangu. Kaa, bwana. Na Leonard yuko wapi?"

"Yuko kwenye gari. Amesema hataki kuwa shahidi."

Ardith aliweka juu ya meza daftari, barua ya zamani na ukurasa mpya. Akaweka na rula. Akamweleza, kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani, kistari kipi ni kifupi na kipi ni kirefu. Delphine alifuata kwa kidole, midomo ikicheza kama mtoto anayeanza kusoma. Alipofika kwenye jina alibaki hapo.

"Kwa hiyo Chicago ilikuwa yako," alisema.

"Ndiyo."

"Na beji."

"Na beji."

"Na benki?"

Ardith alifikiri, kwa kuwa ni mtu wa haki hata anapochukia. "Benki hapana. Mimi ningekaa kwenye treni nikasoma kitabu."

Delphine alicheka kidogo, kisha akaacha. "Niliruka sentensi nzima, Ardith. Ile ya wakala wa bima. Niliwaambia pale mlangoni."

"Ulisema huku unacheka."

"Mimi nikiogopa nacheka. Miaka minne tumekaa pamoja hukuliona hilo?"

"Nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa naona kisogo."

Delphine aliisogeza sahani ya vitobosha, akairudisha pale pale. "Barua ilipofika nilijua pana kosa. Nikasema mtu atakuja kunishusha. Kwenye treni nilikaa karibu na mlango. Baadaye yule bwana wa benki akaanza kuongea, nikasema nimalizie hadithi hii moja, halafu nyingine. Na kila Aprili wewe unakaa mbele, unapiga makofi umekunja uso, mimi nasema leo ndiyo leo, leo Ardith atasimama. Ndiyo maana nilikuwa nakupungia. Nilikuwa naomba radhi kabla."

"Mbona hukuuliza?"

"Wewe ungeuliza?"

Ardith aliangalia rula.

"Lakini aliyechapa ni nani?" Delphine aliivuta barua karibu na macho. "Hizi herufi si za... Ardith. *An* ni nani?"

"Unajua ni nani."

Delphine aliziba mdomo kwa kiganja. Alitikisika mabega, machozi yakamtoka, akapiga meza. "Wewe! Wewe mwenyewe ndiye uliyenipeleka Chicago! Kwa stempu zako!"

"Stempu zilikuwa za shule," alisema Ardith. Hakucheka. Alisimama, akakusanya karatasi zake, akachukua kitobosha kimoja kwa ajili ya Leonard. "Nitasema mwenyewe kwenye sherehe. Usinisemee."

"Sitakusemea."

"Na usije na hotuba."

"Sina hotuba, mwenzangu. Nina nini cha kusema mimi?"

Jumamosi tarehe 12 Aprili 2008, katika ukumbi wa hoteli mjini Lincoln, wanafunzi mia sita na arobaini wa Umoja walikaa katika makoti ya buluu. Kwa kumbukumbu ya 1958 waliandaliwa chakula kile kile cha siku ile, supu nzito ya nyama na maharage, na mkate wa mdalasini pembeni wa kuchovya, kama wanavyokula mashuleni mpaka leo. Kendra alimwita Ardith jukwaani. Hotuba yake ilichukua sekunde arobaini.

"Katibu wa kwanza wa jimbo, kwa mtihani uliofanyika leo miaka hamsini iliyopita, alikuwa Ardith Nohr," alisoma. "Barua iliyosema vinginevyo ilichapwa vibaya. Mchapaji alikuwa Ardith Nohr. Daftari la asili na rula viko mezani pale mlangoni kwa atakayetaka kupima. Asanteni."

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi ya adabu, na baadhi ya wanafunzi wakarudi kwenye supu. Ardith alianza kukunja karatasi yake. Alikuwa ameipata haki yake. Aliisubiri furaha imfikie, na akaona kwamba inakuja, polepole, kama maji ya moto yanayopanda bomba la nyumba kuukuu.

Hapo Delphine akasimama kutoka meza ya tatu. Hakuwa na hotuba. Alitembea kati ya meza bila haraka, akipapasa kola yake, na alipofika jukwaani tayari alikuwa ameifungua beji ya dhahabu, ile ya 1958, iliyolika pembeni. Alimvalisha Ardith. Pini ikamchoma kidole, akasema "aa!" mbele ya kipaza sauti, na ukumbi mzima ukasimama.

Walisimama watu mia sita na arobaini, na walezi wao, na wahudumu waliobeba sahani. Msichana wa meza ya mbele alikuwa analia. Ardith, ambaye hakuna kistari kinachompita, aliangalia macho ya msichana huyo yameelekea wapi, akaona yameelekea kwa Delphine.

Garini, walipofika nje ya mji, Ardith aliivua beji.

"Hata haki yangu," alisema, "imenifikia ikinuka manukato yake."

"Sasa unamwonea wivu wa nini tena?" aliuliza Leonard. "Amekupa kila kitu."

"Namna alivyotoa."

Leonard aliendesha kama maili nne. "Kwani wewe ungetoaje?"

"Kwa posta," alisema Ardith.

Wiki iliyofuata Kendra alimpigia simu. Kamati ilikuwa imekutana kuhusu ngao. Suala lilikuwa nyeti, alisema, kwa sababu washindi thelathini na saba tayari wana vyeti vyenye jina la zamani, na kamati ingependa kujua, bila kumshurutisha, kama mwalimu angeona vyema...

"Badilisheni," alisema Ardith.

"Sijamaliza swali, mwalimu."

"Nimelisikia. Badilisheni. Ni herufi moja tu."

Kitabu kilitoka mwezi wa sita. Ukurasa wa nne una picha ya daftari la mahudhurio, mkia wa Delphine ukiwa umeligusa jina la Ardith, na chini yake muhtasari wa tarehe 24 Aprili kama ulivyoandikwa. Ardith alikisoma na kalamu nyekundu. Makosa ni saba, na hakuna lililo ukurasa wa nne. Ile beji haivai. Iko ndani ya kopo la biskuti, juu ya barua za Krismasi.

Mwezi wa nane maktaba ya Alder Bluff ilibandika tangazo kwamba Bi. Ardith Sedlacek atafundisha hati mkato, wiki kumi na mbili, kwa yeyote anayetaka madaftari ya wazee wake yasibaki bubu. Waliojiandikisha ni wanne. Jina la pili katika orodha limeandikwa kubwa, na mkia wake umeshuka hadi mstari wa tatu. Anuani yake ni ya Omaha, na pembeni ameandika kwamba anaomba kiti cha nyuma.

Darasa litaanza Jumanne tarehe 9 Septemba, saa moja jioni. Ardith ameshapanga viti, na Delphine atakaa mbele.